Sindano Usiichome Chooni

Wadogo zangu, wiki hii maswali ya wachumba na ya mikopo ya kausha damu yatasubiri. Nimepata ujumbe wa binti wa miaka 23 anayeishi kwa shangazi yake Dar es Salaam, na huyu hawezi kupangiwa foleni. Alikuwa anakonda, anaamka usiku kucha kunywa maji na kwenda haja ndogo, na watu wanamsifia kwamba amepunguza mwili vizuri. Mpaka siku alipobebwa kupelekwa hospitali anahema haraka haraka, hajielewi. Kipimo cha sukari kilisoma 27. Akalazwa, akatoka na vichupa vya insulini, sindano, mashine ya kupimia na maelekezo aliyopewa huku wagonjwa wengine wanasubiri mlangoni. Shangazi ameambiwa ni “sukari kidogo tu”. Kuhusu sindano hajui, kwa sababu binti anajichoma asubuhi na jioni akiwa amejifungia chooni.

Swali lake la kwanza: “Dada, wanasema ukishaanza sindano ndiyo umefika mwisho. Ni kweli?”

Si kweli, mdogo wangu. Nakujibu nikiwa na kichupa changu mwenyewe ndani ya friji, pembeni ya nyanya. Wewe umeambiwa una kisukari aina ya kwanza. Maana yake kinga ya mwili wako imeshambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, na sasa kongosho halitoi ya kutosha. Insulini ndiyo inayoiruhusu sukari itoke kwenye damu iingie kwenye misuli na viungo vingine vikaitumie. Ikikosekana, sukari inajaa kwenye damu, figo zinaimwaga kwenye mkojo pamoja na maji mengi, na mwili unaanza kujila wenyewe kwa njaa. Ndiyo maana ulikuwa unakunywa, unakojoa na kukonda. Hicho unachokichoma si dawa kali ya mwisho kabatini, ni kitu ambacho mwili wa jirani yako unajitengenezea wenyewe bila kumwambia mtu.

Uvumi wa “mwisho” najua ulikotoka. Kila mtaa una mzee wa kisukari aina ya pili aliyeambiwa na daktari aanze insulini, akakataa. Akakaa miaka na vidonge visivyomtosha tena, miguu ikapata ganzi, kidonda cha kidole kikagoma kupona, figo zikachoka. Alipokubali sindano, madhara yalishaingia. Majirani wakahesabu: kaanza sindano, kakatwa mguu. Miaka ya sukari kupanda hawakuihesabu, kwa sababu haikuonekana kwa macho. Wazazi wangu mnaosoma kona hii kwa kuchungulia, nanyi hili linawahusu. Mkiambiwa muda wa insulini umefika, kuchelewesha ndiko kunakoleta huo mwisho mnaouogopa.

Kabla ya 1922 mtoto mwenye ugonjwa kama wako alikuwa ananyimwa chakula ili aishi siku chache zaidi, na bado alikufa. Januari mwaka huo, Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa insulini iliyotolewa kwenye kongosho la ng’ombe. Ya kwanza haikumfaa. Wakaisafisha zaidi, wakamchoma tena siku chache baadaye, sukari ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi. Wavumbuzi waliuza haki zao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja tu, na ukiangalia bei ya kichupa dukani leo utajiuliza hiyo huruma iliishia njia gani. Tukiwa kwenye bei: siku ukishindwa kununua, usikae nyumbani kimya ukipunguza dozi kwa kukisia. Hospitali za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii. Nenda, ueleze hali yako, uulize utaratibu wa msamaha. Aibu ya dirishani ni ndogo kuliko kulazwa tena.

Sasa nikuonye jambo ambalo huenda hukuambiwa. Baada ya wiki au miezi kadhaa ya kuchoma, unaweza kuona sukari inakuwa nzuri mno na dozi inahitaji kupunguzwa. Kongosho likishapumzishwa, chembe chache zilizobaki hupata nguvu kwa muda. Hapo ndipo watu hutoa ushuhuda wa uponyaji. Kama jirani alikuwa amekuletea mlonge au maji ya bamia, sifa zote zitakwenda kwenye bamia. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa ajili ya kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile cha shilingi 500, na kisukari kilitajwa kati ya magonjwa yanayopona. Kliniki za kisukari bado zimejaa. Omba, ombewa, kula bamia zako, ni mboga nzuri. Insulini usiiache. Dozi ikihitaji kushushwa, ishushwe kliniki, kwa namba zilizoandikwa kwenye daftari lako. Kwenye aina ya kwanza, kuacha kabisa kunaweza kukurudisha wodini ndani ya siku moja au mbili.

Turudi chooni.

Sikukatazi kwa sababu ya uchafu peke yake. Chooni mwanga ni hafifu, na mistari ya bomba la sindano ni midogo. Insulini unayotumia, ile nyeupe ya maziwa, inatakiwa kubiringishwa polepole katikati ya viganja mpaka rangi ilingane, bila kuitikisa kwa nguvu. Kisha unavuta dozi, unaangalia kama kuna povu la hewa, unainua bomba usawa wa jicho unasoma yuniti. Mtu anayesikiliza nyayo za mpangaji mlangoni anafanya hayo lini? Atavuta harakaharaka na kuchoma palepale alipochoma jana, kwa sababu pameshazoea na hapaumi. Pasipouma ndipo pabaya. Ukirudia sehemu moja, mafuta ya chini ya ngozi yanajikusanya kuwa uvimbe mgumu, na insulini ikiingia humo inanyonywa ovyo, leo kidogo, kesho nyingi. Zunguka: tumbo, ukiacha vidole viwili kutoka kitovuni, mapaja upande wa mbele na nje, matako. Mara kwa mara papasa kwa vidole. Ukikuta bonge, lipumzishe, umwambie nesi, maana ukihamia kwenye ngozi nzima dozi ileile inaweza kukushusha zaidi.

Ukishatumia sindano usiitupe kwenye mfuko wa taka. Kuna watoto wanaochambua hizo taka. Tafuta chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ya sabuni ya maji kwa mfano, ikijaa irudishe hospitali. Na sindano au peni ya insulini ni ya mtu mmoja, hakuna kuazimana, hata mkiwa pacha.

Lakini hasara kubwa ya kujificha iko jikoni. Insulini yako inataka chakula kifuate baada ya kama nusu saa. Nyumba zetu unazijua. Unachoma saa moja usiku ukidhani mnakula saa moja na nusu, gesi inaisha, anatumwa mtoto, mgeni anaingia, shangazi anasema tumsubiri mjomba. Wewe dawa imeshaingia kwenye damu, na huwezi kusema chochote kwa sababu hakuna anayejua umechoma. Saa mbili na nusu unatetemeka, jasho linatoka, na unaambiwa kijana wa siku hizi huna uvumilivu wa njaa.

Mimi kwangu saa ya ukutani si kipimo, kipimo ni sufuria. Wali ukishakauka maji, ukapaliwa makaa juu ya mfuniko, hapo ndipo nachoma. Ukiiva na kuepuliwa, muda umetimia. Kama ni ugali, mboga iwe imeshaiva na maji ya ugali yako jikoni. Kumbuka hii ni kwa insulini ya mchanganyiko kama yako na ile ya kawaida ya maji. Zipo za kisasa zinazochomwa mtu akiwa ameketi kula, na zipo za mara moja kwa siku zisizofuata mlo. Jina la kwenye kichupa ndilo linaloamua, kwa hiyo lijue kwa moyo, na duka la dawa wakikupa chenye jina jingine rudi ukaulize kabla ya kuchoma.

Hivyo shangazi lazima ajue. Chagua wakati ametulia, mwamkie, umwambie: “Shangazi, ile sukari yangu inatibiwa kwa sindano mara mbili kwa siku. Nikishachoma lazima nile. Ukiniona natetemeka, natoka jasho au naongea nisiyoyaelewa, nipe maji ya sukari kwanza, maswali baadaye.” Inatosha, hotuba haihitajiki. Atalia, au atakutajia mganga wa Bagamoyo. Mwache alie. Wiki ijayo ndiye atakayekuwa anauliza, “Umeshachoma? Nipakue?”

Huko kutetemeka ndiko sukari kushuka, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo jambo moja linaloweza kukudhuru ndani ya dakika. Kipimo kikiwa chini ya 4, imeshuka. Dalili za mwanzo ni jasho la baridi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, midomo kufa ganzi, hasira isiyo na sababu. Ikiendelea unachanganyikiwa, unayumba, na mtaani watasema umelewa au umepandisha mashetani. Usiku inakuja kwa ndoto mbaya, shuka kulowa, kichwa kuuma asubuhi. Kama mashine iko mbali, usiitafute, tibu kwanza: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji nusu glasi, au glukosi ya unga kiasi hichohicho, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Siyo soda isiyo na sukari, na siyo andazi wala chokoleti, maana mafuta yanachelewesha. Subiri dakika 15, pima, kama bado iko chini ya 4 rudia. Ikipanda, na mlo uko mbali, kula ndizi au kipande cha mkate. Ukila sufuria zima kwa ile njaa, na inakuja kweli, utakuta 18 baada ya saa mbili.

Ukipoteza fahamu, mtu asikumiminie kitu mdomoni, utapaliwa. Wakulaze ubavu, wakukimbize hospitali. Mfundishe hilo shangazi, na mwenzako mmoja kazini. Kwenye mkoba wako kuanzia leo kuwe na pakiti ya glukosi, hata ukienda dukani tu. Na siku ya kufua mashuka ya nyumba nzima au ya kutembea jua lote, pima zaidi, kwa sababu misuli inakula sukari hata baada ya kazi kuisha. Pombe nayo inashusha saa nyingi baadaye, ukiwa usingizini. Kama huinywi, usianze sasa.

Kinyume chake pia ukijue. Ukiugua, homa au tumbo, watu husema “sijala, basi sichomi.” Mwili unaougua hupandisha sukari hata bila chakula. Endelea na insulini, kunywa maji, pima kila baada ya saa chache, wapigie kliniki kuhusu kiasi. Ukianza kutapika mfululizo, tumbo kuuma, kuhema kwa nguvu, pumzi kunuka matunda yaliyoiva kupita kiasi, usimeze dawa ya malaria ukasubiri kesho. Ni hospitali, siku hiyohiyo, na mlangoni sema neno “kisukari” kabla ya jina lako.

Umeuliza kuhusu friji, kwamba ni ya shangazi na umeme wenyewe ndio huu. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinataka nyuzi 2 mpaka 8, kwa hiyo kiweke kwenye mlango au rafu ya katikati, kisigusane na barafu. Kikiganda, hata kikiyeyuka, ni cha kutupa. Kilichofunguliwa kinakaa nje kama wiki nne ikiwa joto halizidi nyuzi 30. Andika tarehe ya kufungua juu yake. Januari ya Dar inazidi hapo, kwa hiyo kisiachwe dirishani wala ndani ya gari. Asiye na friji atumie chungu: kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati unaolowanishwa kila siku, kitambaa kibichi juu, kivulini penye upepo. Kichupa kikae ndani ya kopo lililofungwa, kisilowe. Dodoma kwenye hewa kavu chungu kinapoza vizuri sana, Tanga na unyevu wake kinapoza kidogo, lakini bado ni bora kuliko kabati la bati. Safarini insulini inakaa mapajani kwako. Usikubali konda aitie kwenye buti.

Macho: unasema tangu uanze sindano huoni vizuri maandishi, na tayari umeuliza bei ya miwani. Usinunue bado. Sukari ikishuka kutoka juu sana, lenzi ya jicho hubadilika umbo kwa muda, na hutulia ndani ya wiki kadhaa. Mwambie daktari, akupime macho kwa utaratibu wake, miwani ingoje.

Na mwili. Utanenepa. Ile nyama uliyopoteza inarudi, na sukari uliyokuwa unaikojoa sasa inabaki mwilini. Shangazi atafurahi, wewe utatazama kioo. Wapo wasichana wanaoruka dozi makusudi ili wabaki wembamba, na nawaambia kwa upendo wote nilionao, huo ni wembamba wa mtu anayeungua ndani kwa ndani. Kama uzito unakusumbua, anza na soda (chupa ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50 za sukari) na ukubwa wa bonge la ugali. Jaza nusu ya sahani kwa mchicha au matembele, robo wanga, robo maharage, samaki au nyama. Hakuna haja ya sufuria yako peke yako. Shangazi naye hiyo sahani itamfaa.

“Nani atanioa?” Umeliandika mwisho wa ukurasa, kwa herufi ndogo. Hulazimiki kumtolea mtu kichupa siku ya kwanza mnapokunywa juisi Kariakoo. Lakini kabla barua ya posa haijapokelewa nyumbani kwenu, awe anajua, na awe ameshakuona ukichoma. Anayekimbia sindano ya milimita chache angekimbia na mengine. Kuzaa utazaa. Insulini haimdhuru mtoto tumboni, sukari iliyopanda ndiyo inayomdhuru, hasa wiki za mwanzo kabla hata hujajua una mimba. Ndiyo maana mimba ya mwenye kisukari hupangwa: unakwenda kliniki mapema, sukari inawekwa sawa, kisha ndiyo mnatafuta mtoto.

Wa dini yangu wanaouliza kuhusu Ramadhani: kwa aliyegunduliwa juzi na anayetumia insulini mara mbili, kufunga ni hatari, na mgonjwa amepewa ruhusa. Zungumza na daktari na shehe wako, wote wawili. Anayefunga kwa ushauri wao ajue kwamba akipima akakuta chini ya 4 anafungua hapohapo, hata iwe imebaki nusu saa magharibi iingie.

La mwisho uliuliza kuhusu harusi ya binamu yako Jumamosi. Ukumbi, kadi inasema saa kumi na mbili jioni, na sote tunajua chakula kitafunuliwa saa nne usiku, baada ya keki, zawadi na hotuba za kamati. Usichome saa moja ukumbini kwa matumaini. Pima, choma na ule nyumbani saa zako za kawaida, sahani yako kamili, kisha vaa sare uende. Huko pakua nyama na kachumbari, cheza, na kwa sababu utacheza, pima ukirudi kabla ya kulala. Ukikuta iko karibu na 5, kunywa maziwa glasi moja. Keki onja kipande kidogo. Glukosi iwe kwenye pochi, na binamu mmoja ajue iko mfuko gani.